Maboksi kwanza, printa baadaye: kuwafundisha vijana usanifu katika karakana ya maktaba

Maktaba ikipata fedha za kuanzisha karakana ya vijana, mara nyingi kitu cha kwanza kununuliwa ni printa ya 3D. Mashine inafika, vijana wanaizunguka, na baada ya muda mfupi kila mmoja ana kishikio cha funguo chenye jina lake. Kisha hamu inapoa. Paulo Blikstein, aliyekuwa akitafiti karakana za kielimu katika Chuo Kikuu cha Stanford, alilieleza jambo hili mwaka 2013: wanafunzi walioanza kwa kutengeneza vishikio vya funguo kwa mashine ya leza walivutiwa navyo mno hata wakawa hawataki kuhamia kazi ngumu zaidi. Kitu chepesi kilichotoka kimenyooka na kimenakshiwa kiliwapa sifa za kutosha. Ya nini kujisumbua?

Vijana hao walipewa chombo kabla ya kupewa tatizo la mtu. Fikra za usanifu, yaani namna ya kubuni kitu kwa kufuata haja ya atakayekitumia, zinaanzia kwa mtu. Unamtazama na kumsikiliza, unalitaja tatizo lake kwa sentensi moja, unazua njia nyingi za kulitatua, unaunda mifano ya awali ya njia mbili au tatu kwa vitu vya bei rahisi, unampa aijaribu, kisha unarudi kurekebisha. Neno la kushika hapo ni mfano wa awali. Kila mfano wa awali huundwa ili ujibu swali moja: Mlango huu utafunguka kwa mkono mmoja? Mlinzi ataona kilichomo ndani? Mwezeshaji asiyejua swali la kundi ni lipi hawezi kulisaidia, na kundi lisilojua swali lake huishia kupamba boksi.

Shule ya usanifu ya Stanford, maarufu kwa jina la d.school, ndiyo iliyoeneza mpangilio wa hatua tano: kumwelewa mtu, kubainisha tatizo, kuzua mawazo, kuunda mfano wa awali, kujaribu. Baraza la Usanifu la Uingereza nalo linachora almasi mbili zilizopangwa ubavu kwa ubavu: akili inapanuka na kusinyaa juu ya tatizo, halafu inapanuka na kusinyaa tena juu ya suluhisho. Kiini ni kilekile. Kwa vijana wa miaka 13 hadi 17 tunaipendelea almasi, kwa sababu inaonyesha wazi kwamba nusu nzima ya kazi inafanyika kabla suluhisho halijatajwa, na suluhisho ndilo kijana anataka kuanza nalo. Hatua tano zikibandikwa ukutani hugeuka ngazi: wiki ya kwanza mahojiano, wiki ya pili sentensi ya tatizo, na mkasi unaguswa wiki ya nne, wakati nusu ya washiriki wameshaacha kuja.

Dawa ni kuuzungusha mduara wote siku ya kwanza. Wagawe wawiliwawili na uwape kazi hii: jinsi mwenzako anavyobeba vitu vyake kutoka nyumbani hadi hapa. Dakika 10 mmoja anauliza, dakika 10 wanabadilishana, dakika 5 kila mtu anaandika mwenzake anahitaji nini na kwa nini, dakika 10 za kuchora, dakika 25 za kuunda kwa kadibodi na tepu, dakika 10 mwenzako anajaribu, dakika 15 unaunda upya. Jumla ni dakika 85. Vitu vitakavyotoka vitakuwa hafifu, na ndivyo inavyotakiwa. Zile dakika 15 za mwisho usizipunguze hata muda ukikubana; punguza kuchora. Kijana anayeunda mara moja tu huondoka akiamini kuunda ni kutekeleza wazo la kwanza.

Kwa nini kazi hii inafaa maktaba, wakati shule nazo zina vyumba na walimu? Zipo sababu tatu, na moja yake ni ya kubana.

Ya kubana ni mahudhurio: kijana huja maktabani kwa hiari yake. Mwaka 2009 Maktaba ya Umma ya Chicago ilifungua YOUmedia ndani ya jengo la Harold Washington, ukumbi wa vijana wa sekondari wenye kompyuta, kamera na vifaa vya kurekodi muziki. Mpango wake ulitokana na utafiti wa Mizuko Ito na wenzake, uliobaini kwamba vijana hujifunza kwa vyombo vya kidijitali kwa kupita katika hali tatu: kubarizi na wenzao, kuchezeacheza vifaa, na kuzama kabisa katika jambo moja. Hakuna kengele ya kumhamisha mtu kutoka hali moja hadi nyingine. Maktaba haiwezi kumlazimisha kijana arudi Jumamosi ijayo, kwa hiyo kila kipindi lazima kisimame chenyewe: aliyekuja leo tu aondoke na kitu alichokifanya kwa mikono yake, na aliyekosa wiki iliyopita aweze kuingia bila kuona haya. Kadi moja ya mradi kwa kila kundi, ukubwa wa A3, ikibandikwa ukutani inatosha. Iwe na mistari minne: tunamsaidia nani, tumeona nini, tumejaribu nini, swali la leo ni lipi. Mgeni ataisoma kwa dakika mbili na kuchukua mkasi.

Na tenga rafu. Jambo hili husahaulika karibu kila mahali. Makundi manne yenye mifano miwili miwili, kila mmoja upana wa sentimita 40, yanajaza rafu nzima. Mifano isiyo na rafu wala lebo husafirishwa jalalani Jumatatu asubuhi na mfanyausafi ambaye hana kosa lolote: ameona maboksi yaliyokatwakatwa.

Sababu ya pili ni watumiaji. Darasani mwanafunzi huambiwa "mbunie mzee mwenye matatizo ya macho", naye humbuni mzee huyo kichwani pamoja na majibu yake yote. Maktabani mzee yuko mezani anasoma gazeti, mama ameketi na mtoto sehemu ya watoto, na ukumbi mkuu, hasa mitihani ya taifa inapokaribia, umejaa watahiniwa waliokuja na madaftari yao wenyewe. Mtu wa kumuuliza yuko umbali wa ngazi moja.

Ya tatu ni mkutubi mwenyewe. Mafunzo ya ukutubi yana somo la mahojiano ya rejea: msomaji anauliza "vitabu vya kemia viko wapi?", na mkutubi mzuri hamwonyeshi rafu mara moja, anamuuliza anafanya nini, hadi inajulikana kwamba anachokihitaji ni maelezo ya jaribio moja la kupima tindikali kwa mtihani wa kesho. Huo ndio ufundi wa hatua ya kwanza ya usanifu, na mkutubi anao tayari. Kwa hiyo maktaba isisubiri mhandisi. Mpe mkutubi kazi ya kufundisha mahojiano, na utafute fundi wa kushughulikia vifaa.

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate. Katika maktaba nyingi za umma Kenya na Tanzania msomaji haingii ukumbini na mkoba. Anauacha kaunta mlangoni, anapewa namba, anaingia na madaftari mkononi. Ni tatizo zuri kwa vijana: wao wenyewe wameonja, liko mbele ya macho yao, na suluhisho linaweza kujaribiwa siku hiyohiyo.

Kundi linaanza kwa kutazama. Liwe la watu watatu: mmoja wa kuuliza, mmoja wa kuandika maneno kama yalivyosemwa, mmoja wa kutazama mikono na vitu. Kwa ruhusa ya mlinzi wanasimama karibu na kaunta dakika 20 wakihesabu: wangapi wameleta mikoba, wangapi wamerudi kabla ya kuondoka, na walirudia nini. Hesabu hiyo huwatoa kwenye maoni yao na kuwaingiza kwenye mambo yaliyotokea.

Kisha mahojiano. Swali baya ni "je, ungependa rafu bora ya mikoba?" Kila mtu atasema ndiyo, kwa adabu tu. "Ungeitumia?" nalo ni baya, maana mtu hajui atafanya nini kesho. Waulize kuhusu mara ya mwisho.

"Shikamoo mzee. Samahani, sisi tuko kwenye karakana ya vijana pale juu. Tunaangalia jinsi wasomaji wanavyoacha mizigo yao. Tunaomba dakika tano zako."

"Marahaba. Ulizeni."

"Leo ulipofika, kabla ya kukabidhi mkoba, ulitoa nini?"

"Miwani, daftari, kalamu. Chaja nimeisahau humo ndani."

"Ukafanyaje?"

"Nimeiacha. Siwezi kupanga foleni tena kwa ajili ya chaja."

Kijana mwenye haraka hapo hurukia swali linalofuata kwenye orodha yake. Aliyezoezwa hunyamaza kidogo, kisha huuliza, "Na simu ikizima?" Majibu yenye faida hutoka katika swali la pili na la tatu, na zoezi la kulifundisha ni rahisi: wawiliwawili, dakika tano, muulizaji haruhusiwi kuleta swali jipya mpaka aulize "kwa nini" au "ikawaje" mara mbili juu ya jibu alilopewa. Wataona aibu mwanzoni. Wavumilie.

Watu wa kuhojiwa kwa mradi wa ukubwa huu ni watano au sita, na mmoja wao lazima awe mlinzi wa kaunta. Vijana humsahau kwa sababu kwao yeye ni kizuizi. Lakini ndiye anayebeba kila mkoba, na anajua ni namba ngapi hupotea kwa kwenda nyumbani mfukoni mwa msomaji.

Baada ya hapo inaandikwa sentensi ya tatizo, nayo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. "Maktaba inahitaji rafu kubwa" ni suluhisho lililovaa nguo za tatizo. "Wasomaji hawaridhiki" haishikiki. Sentensi inayofaa inamtaja mtu, haja na sababu: msomaji anayeshinda maktabani anahitaji vitu vyake vidogo karibu naye kwa sababu kila kurudi kaunta kunamgharimu foleni, na mlinzi anahitaji kuona kilichomo kwa mtazamo mmoja. Ipime hivi: lipe kundi jirani sentensi hiyo na dakika moja watoe suluhisho tatu zisizofanana. Wakishindwa, sentensi ni finyu. Wakitoa suluhisho zisizohusu kabisa jambo mlilosikia kwa wasomaji, ni pana mno.

Mawazo yazuliwe kimya kwanza. Imezoeleka kuwaweka vijana mezani na kuwaambia "changieni mawazo", na matokeo yake wawili wanasema, wengine wanaitikia. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale wa mwaka 1958 ulilinganisha makundi yaliyofikiri pamoja na watu waliofikiri kila mmoja peke yake halafu mawazo yao yakajumlishwa. Waliofikiri peke yao walitoa mawazo mengi zaidi. Sababu moja iliyothibitishwa baadaye ni kwamba ukimsubiri mwenzako amalize kusema, lako linakutoka. Kwa hiyo mpe kila kijana karatasi ya A4, aikunje nusu mara tatu, aikunjue: ana vyumba vinane. Wazo moja kila chumba, dakika moja kila wazo, kwa mchoro. Kuanzia chumba cha tano watalalamika kwamba wameishiwa. Hapo ndipo mawazo ya kila mtu yanapokwisha na yake mwenyewe yanapoanza.

Wakati huo mwezeshaji asiwaonyeshe mfano uliokamilika. Mwaka 1991 Jansson na Smith walionyesha kwamba hata wahandisi wakipewa mchoro wa mfano kabla ya kubuni, huuiga, pamoja na kasoro zake. Vijana ndio zaidi. Vyumba vya kusomea vya Maktaba ya Uingereza, London, vina suluhisho la tatizo letu hili: msomaji anaingia na vitu vyake katika mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani. Ukiwaambia hilo mapema, makundi yote manne yataunda mfuko wa plastiki. Waambie baada ya kuchora, kisha waache wakutane na kikwazo chao wenyewe: Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mwaka 2017, na Tanzania ikafuata mwaka 2019. Sasa wanahitaji kitu kinachoonyesha ndani lakini si mfuko wa plastiki. Neti? Trei ya wazi yenye mpini? Kamba ya kuning'iniza vitu shingoni? Hapo usanifu umeanza kuwa wao.

Kila kundi lichague mawazo mawili na kuyaunda yote mawili kwa wakati mmoja. Ushauri huu unapingwa sana kwa kisingizio cha muda, lakini una msingi. Steven Dow na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2010, waliona kwamba wabunifu walioandaa mifano kadhaa sambamba kabla ya kupewa maoni walitoa kazi bora kuliko waliotengeneza mmoja baada ya mwingine. Kwa vijana kuna faida ya ziada. Mwenye mfano mmoja akikosolewa anajisikia amekosolewa yeye. Mwenye miwili husikiliza ili ajue upi wafaa. Na mtu mzima anayejaribu kitu kimoja kilichotengenezwa na mtoto atasema "kizuri sana, hongera". Mpe viwili na umuulize angeondoka na kipi leo.

Sasa vifaa. Kwa vijana 12 katika makundi manne, kwa vipindi sita vya saa mbili, andaa maboksi makubwa 15 kutoka duka la jumla, roli sita za tepu ya karatasi ya milimita 24, mikasi 12, visu vinne vya wembe wa kusukuma, rula tatu za chuma, vijiti vya mishikaki pakiti mbili, vijiti vya aiskrimu 200, bunda moja la kamba ya katani, mita mbili za kitambaa cha neti, na vifaa vitatu vidogo vya gundi ya moto pamoja na mirija 100 ya milimita 7. Gundi iwe ya joto la chini. Hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 120 hivi za Selsiasi. Ile ya joto la juu hukaribia 200 na huacha malengelenge. Gundi ikimdondokea mtu isivutwe ikiwa ya moto, maana huondoka na ngozi: mkono uwekwe chini ya maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, ndipo itolewe kama inatoka yenyewe. Visu vyote vikae meza moja, na mtu mzima mmoja asiondoke hapo. Wembe butu ni hatari, kwa sababu hulazimishwa na kuteleza. Vunja kipande cha ncha mara kwa mara.

Kadibodi ina mwelekeo wake, na kijana asipoufahamu atadhani haifai kwa lolote. Ukitazama ukingo utaona mawimbi kati ya karatasi mbili. Yanatengeneza vijia virefu upande mmoja. Kuikunja sambamba na vijia ni rahisi na hutoa mstari mnyoofu. Kuikunja kwa kuvikata vijia hutoa mkunjo uliovunjika ovyo, isipokuwa uikwaruze kwanza kwa kalamu iliyokwisha wino ukifuata rula. Mguu unaobeba mzigo uwe na vijia vilivyosimama wima. Rafu iliyolala iwe na vijia vinavyotoka nguzo moja hadi nyingine. Ukivigeuza, itapinda kwa uzito wa daftari mbili. Boksi la biskuti lina unene wa milimita 3 hadi 4, na kwa rafu gundisha vipande viwili ukivipishanisha vijia. Mfundishe kila kundi hili kwa dakika tano tu: wape ukanda mmoja uliokatwa kwa kila mwelekeo, waubonyeze kwa kidole. Hawatasahau.

Kosa kubwa la siku ya kuunda ni kundi kutumia saa nzima kwenye kitu kimoja kikubwa. Weka kikomo cha dakika 30 kwa mfano wa kwanza na ukatae rangi. Mfano uliopakwa rangi haukosolewi, na mwenyewe hataki kuukata. Uulize pia: mfano huu ni wa kuonyesha sura, au wa kuonyesha kazi? Trei ya kujua kama msomaji ataibeba vizuri inahitaji ukubwa halisi na uzito halisi, lakini haihitaji kudumu. Kibao cha namba cha kujua kama kitasahaulika mfukoni kinahitaji ukubwa tu. Kipande cha kadibodi cha sentimita 20 kwa 10 kinatosha, na kitajibu swali kabla ya chakula cha mchana.

Kwa mzigo tumia maji. Chupa ya lita moja na nusu ni kilo moja na nusu. Chupa nne ndani ya mkoba ni kilo 6, karibu na mzigo wa mtahiniwa. Vijana hupenda kupima kwa kitabu kimoja na kutangaza ushindi.

Kuna mifano ambayo haihitaji hata kufanya kazi. Kundi likiwaza mashine ya kutoa namba kaunta, kijana mmoja ajifiche nyuma ya boksi na kusukuma kadi kupitia tundu kila msomaji anapobonyeza kitufe cha kuchora. Ndani ya nusu saa wanajua kama watu wataielewa, na hawajaandika msimbo hata mstari mmoja.

Umeme uingie pale swali linapoudai. Anza na taa ya LED nyekundu na betri bapa ya CR2032 ya volti 3: mguu mrefu upande wa chanya, mfupi upande wa hasi, inawaka bila kizuizi (kifaa cha kupunguza mkondo) kwa sababu betri hiyo yenyewe haiwezi kutoa mkondo mkubwa. Tatizo litakalowasumbua ni hili: wakiunganisha taa nyekundu na nyeupe kwenye betri moja, nyeupe inazima. Nyekundu huwaka kwa volti 2 hivi na nyeupe hudai karibu 3. Zikiwa sambamba, nyekundu huishusha volti hadi kiwango chake na nyeupe haipati kitu. Kila rangi ipewe betri yake. Betri hizi zihesabiwe zikitolewa na zikirudishwa, na zifungiwe. Sehemu ya watoto haiko mbali, na mtoto akimeza moja inaweza kumuunguza umio ndani ya saa mbili. Anayehisiwa kumeza apelekwe hospitali hapohapo.

Wanaotumia micro:bit, bodi ndogo ya kompyuta ya kujifunzia, kuzungusha mota ndogo ya servo (mota inayogeuka hadi pembe iliyoagizwa) watakuja wakisema bodi imekufa: mota inatikisika, taa zinazima, programu inaanza upya. Bodi nzima. Toleo la pili la micro:bit linaweza kuvipa vifaa vya nje miliampea 190 hivi, na mota ndogo ikikwama hudai zaidi ya mara mbili ya hizo. Volti inaporomoka na bodi inajizima. Mpe servo kishikilia betri chake cha betri tatu za AA, waya wa ishara utoke kwenye bodi, na hasi ya betri iunganishwe na hasi ya bodi. Hasi zisipounganishwa, ishara haina cha kulinganishwa nacho na mota itacheza ovyo.

Na printa ya 3D? Ina nafasi yake baada ya kadibodi kutoa jibu. Ndoano ya kibao cha namba, kwa mfano, ikishapimwa kwa kadibodi mara mbili, inafaa kuchapwa. Plastiki ya PLA kwenye nyuzi 200 hadi 210, kitanda (bamba ambalo kitu huchapwa juu yake) nyuzi 60. Sehemu mbili zinazoingiliana ziachiwe nafasi ya milimita 0.3 kila upande, la sivyo hazitaingiana hata kwa nyundo. Kwa kundi kubwa tatizo ni foleni: kitu cha ukubwa wa ngumi huchukua saa kadhaa, makundi manne hayawezi kujaribu siku moja, na umeme ukikatika katikati printa nyingi huweza kuendelea lakini kitanda kikishapoa kitu kimeshabanduka. PLA pia hulainika kuanzia nyuzi 60, kwa hiyo ndoano iliyosahauliwa kwenye gari juani itarudi imepinda.

Siku ya kujaribu, sheria ni moja: mwenye kitu hasemi. Kijana akianza kueleza "hapa unavuta, kisha...", jaribio limeharibika, maana kaunta haitakuwa na mtu wa kueleza. Msomaji apewe kazi badala ya swali: "Ingia na vitu vyako, ukae, uchaji simu." Mmoja anaandika mahali mkono uliposita. Baada ya watu watatu au wanne kundi linakaa na kugawa waliyoyaona kwa pande nne: kilichofanya kazi, kilichokwama, swali lililozuka, wazo jipya. Jumamosi inayofuata wanaunda upya. Mradi usio na kipindi cha kuunda upya ni bora upunguzwe ukubwa kuliko kukipoteza kipindi hicho. Kama una vipindi vitatu tu, chagua tatizo dogo na ukibakize kipindi cha kuunda upya.

Kazi ya mwezeshaji wakati wote huo ni kuweka mikono nyuma. Kijana akikwama, jaribu "unataka kujua nini?" kabla ya "ungejaribu hivi". Ukishika mkasi na kumkatia, kitu kitanyooka, nacho kitakuwa chako.

Bado kuna suala la ruhusa, na linafaa kumalizwa kabla ya kipindi cha kwanza. Wazazi wakubali kwa maandishi vijana wao kuhoji watu wazima ndani ya jengo, wakiwa watatu watatu, machoni pa mtumishi. Wasomaji wasipigwe picha; mikono na vitu inatosha. Na mkuu wa maktaba aambiwe mapema kwamba siku ya mwisho ataletewa mapendekezo manne. Asiahidi kuyatekeleza. Aahidi kujibu kila kundi ndani ya wiki mbili, kwa maandishi: hili tunalijaribu mwezi mmoja kaunta, hili hatuliwezi na sababu ni hii, hili mtuletee likiwa na gharama. Jibu hilo libandikwe kwenye kadi ya mradi ya kundi, pale pale ukutani, ili watakaokuja Jumamosi nyingine waanzie hapo.